Jicho Ndilo Linalolipa

Katika miaka ya 1970 palikuwa na mpango wa kuifanya Morogoro iivishe viatu Tanzania nzima, kisha ivuke bahari iivishe na Ulaya. Kwa fedha za Benki ya Dunia kikajengwa kiwanda chenye mashine za kisasa za wakati ule na uwezo wa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka. Robo ya viatu hivyo ingetosha soko la nchi yetu, na robo tatu zilizobaki zingeuzwa Ulaya zituletee fedha za kigeni. Jengo likasimama, mashine zikafungwa, vijana wakaajiriwa. Mpaka uzalishaji uliposimama mwaka 1990, kiwanda hakikuwahi kuvuka asilimia 4 ya uwezo wake, na hakuna jozi hata moja iliyouzwa nje ya nchi.

Nafundisha somo la biashara kwenye shule ya sekondari hapa Morogoro. Kila nikifika kwenye mada ya maisha ya bidhaa sokoni, naanza na kiwanda hiki. Vitabu vyetu vimejaa mifano ya magari ya Marekani na sabuni za Ulaya, na mwanafunzi wa Kihonda au Mwembesongo huikariri kwa ajili ya mtihani tu. Nikimwambia kwamba kisa kinachosomwa na wanauchumi wa dunia nzima kimetokea mjini kwake, anainua kichwa.

Sababu zinazotajwa mara nyingi ni za kweli zote. Kuta za kiwanda zilikuwa za alumini na hapakuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika mji ambao Januari jua lake linachemsha. Vipuri vilihitaji fedha za kigeni, na nchi ilikuwa imeishiwa baada ya bei ya mafuta kupanda na vita vya Kagera kwisha. Malighafi haikutosha. Hata hivyo, kwa miaka mingi moyo wangu umekaa kwenye swali lingine, ambalo wapangaji wa kiwanda hawakulipa uzito: ni nani hasa aliyekuwa anavingoja viatu hivi, na anapenda nini?

Mwaka 1966 mwanauchumi wa Marekani, Raymond Vernon, alieleza kwamba bidhaa huzaliwa katika nchi tajiri, hukua huko, na ikishakomaa, utengenezaji wake ukiwa hauna siri tena, huhamia kwenye nchi ambako vibarua ni nafuu. Kwa hesabu hiyo kiatu kilionekana ni mali iliyokomaa. Ngozi, soli, uzi, gundi, visigino: nani asiyejua? Basi na kihamie Morogoro. Lakini ufundi wa kutengeneza kiatu una umri wake, na mtindo wa kiatu una umri mwingine kabisa. Ufundi unaweza kukaa miaka mia bila kubadilika sana. Mtindo unakaa msimu. Fundi wa Italia alibadilisha ncha ya kiatu, urefu wa kisigino na rangi ya ngozi kwa sababu alikuwa anakutana na mvaaji wake barabarani kila siku. Mtu aliyekaa chini ya milima ya Uluguru, hata awe na mashine bora kuliko za Mwitaliano, angejuaje kwamba wanawake wa Milano mwaka huu wamechoka na ncha pana?

Kisha likatokea jambo ambalo kila nikilitafakari linanigusa. Katikati ya miaka ya 1980 milango ya biashara ilifunguliwa, na viatu vikaanza kusafiri kati ya Ulaya na Morogoro, ila kwa upande wa pili. Vilivyovaliwa huko vilikuja huku katika mabelo. Kafa Ulaya, watu wakaita. Kiwanda kipya kikiwa kimelala pale pale mjini, watu wakawa wanainama juu ya turubai sokoni kuchagua viatu vilivyokwisha kuvaliwa na watu wasiowajua.

Wapo wanaosema ni umaskini tu uliowainamisha. Sikubali. Bei ilikuwa na nguvu yake, lakini nimewatazama wanunuzi wa mitumba tangu nikiwa kijana, na ninachokiona ni watu wenye jicho kali. Binti anashika raba, anaikunja soli, anaingiza mkono ndani kupapasa mshono, anainusa, anaitazama kwa mbali, anaiweka chini kando ya mguu wake na kurudi nyuma hatua moja. Anatafuta ushahidi: kiatu kilichovaliwa na mtu mwingine na bado kimesimama kimeshafanya mtihani wake. Tena anatafuta kiatu ambacho mtaani kwao hakuna mwingine atakayekuwa nacho. Wakati ule kiatu kipya cha kiwandani kilikuwa kilekile kwa mwalimu, kwa karani, na kwa mwanafunzi. Belo lilileta jozi moja moja, kila moja na sura yake, na ndani ya belo hilo msichana wa Mji Mpya aliweza kujichagua yeye mwenyewe. Hitaji hilo la kutambulikana halina tajiri wala maskini. Ni kosa kubwa, kwa mwenye kiwanda na kwa mwenye nyumba pia, kudhani kwamba mtu mwenye fedha kidogo ana matakwa kidogo.

Mjomba wangu ni fundi viatu. Kwetu sisi Waluguru mjomba ni mtu mzito, maana ukoo hufuata upande wa mama, na maneno ya mjomba hayapiti hivi hivi. Kibanda chake kipo kando ya barabara ya kwenda Bigwa, wanakoshukia watu wa Kinole na Matombo na ndizi zao, nanasi, mdalasini na pilipili manga. Anashona viatu vya ngozi, anabandika soli, na anakata katambuga za tairi. Ana kisu, nyundo, msharasi, uzi wa nailoni na kopo la gundi. Hivyo ndivyo vifaa vyake vyote, na ninadiriki kusema anajua mambo ya mnunuzi kuliko vitabu vingi nilivyofundishia.

Siku moja alikuja mama mmoja kutoka mlimani akitaka katambuga. Mjomba alimkaribisha, akamuuliza habari za masika na za barabara, akazungumza naye kuhusu bei ya ndizi, na muda wote huo hakugusa kipimo. Mama alipokwenda sokoni kidogo, nikamuuliza.

"Mjomba, mbona hujamuuliza namba?"

"Namba nimeshaiona, mjomba. Nilikuwa namwangalia anavyokanyaga. Anabeba mzigo kichwani kwa miaka, uzito wote unakwenda kisigino cha kulia. Nikimpa soli sawa pande zote, mwezi wa pili ananirudishia."

Akachagua kipande cha tairi chenye meno marefu, kwa kuwa njia za kule juu wakati wa mvua zinateleza kama sabuni. Baada ya hapo akafanya jambo lililonishangaza: alitumia muda mrefu kuliko wote kwenye ukanda wa juu. Akaukata mara mbili, akaupindia kingo, akaushonea mstari wa uzi mweupe ambao hauna kazi yoyote ya kushikilia kitu. Nikamuuliza mstari ule wa nini.

"Huo ni wa jicho," akasema. "Mguu ndio utakaoishi na kiatu, lakini jicho ndilo linalolipa. Ukimsahau mmoja wao, mwenzake atakurudishia kazi yako."

Nimeyabeba maneno hayo mpaka darasani. Wapo wabunifu wanaolihudumia jicho peke yake, na mteja anakwenda nyumbani akilia malengelenge. Wapo pia watu wema sana, wahandisi, wataalamu wa maendeleo, wazazi, ambao wanauhudumia mguu tu na wanaona mstari mweupe ni anasa. Hawa wa pili nawahurumia zaidi, kwa sababu nia yao ni njema na hawaelewi kwa nini wanakataliwa.

Mwaka 1965 Theodore Levitt, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliandika makala iliyoyapa umaarufu mafundisho ya hatua nne za bidhaa: kuingia sokoni, kukua, kukomaa na kushuka. Wanafunzi huuchora mchoro wake kama kilima, upande mmoja kupanda, upande mwingine kuteremka. Lakini sehemu ya makala hiyo ninayoipenda ni habari ya nailoni. Anavyoisimulia yeye, nailoni ilianza na kazi za kijeshi, parachuti na kamba. Ikaingia kwenye soksi za wanawake. Soko la soksi lilipoelekea kujaa, wenye nailoni wakatafuta watu wengine wenye shida nyingine: ikaenda kwenye mazulia, na ikaenda kwenye nyuzi za tairi. Kila ilipokaribia kushuka, ilipewa kazi mpya ikapanda tena.

Levitt aliifikisha kwenye tairi. Mjomba anaanzia hapo. Tairi anazozitaka ni zile za nyuzi, kwa sababu za waya zinavunja kisu na kumchoma mvaaji. Tairi imebeba mizigo Dar es Salaam hadi Tunduma, imeishiwa, imetupwa nyuma ya gereji ya Msamvu, na kwa mwenye lori maisha yake yamekwisha. Mjomba anainunua na kuipeleka Kinole ikatembee miaka mingine. Kilima kile tunachokichora ubaoni kinamhusu mtu mmoja na matumizi yake. Kitu chenyewe kinaweza kupanda kilima kingine mbele ya mtu mwingine.

Tena katambuga zenyewe zimepanda kilima ambacho hakuna aliyekitarajia. Nilipokuwa mdogo, kuzivaa shuleni ilikuwa kujitangaza kwamba nyumbani hakuna kitu. Leo vijana wa Arusha na Zanzibar wanauza sandali za soli ya tairi zilizotiwa shanga, na mtalii anazinunua kwa bei ambayo mjomba akiisikia hutikisa kichwa. Soli ni ileile. Kilichobadilika ni mtu anayeivaa na hadithi anayojisimulia akiivaa.

Mitindo mingine haikupata bahati hiyo. Raizoni, vile viatu virefu vya miaka ya 1970 vilivyovaliwa na suruali za bugaluu, vilikuja kwa kishindo, vikawavunja watu vifundo vya miguu, vikaenda zao. Yeboyebo za plastiki zilivaliwa na kila mtoto, kisha zikawa kitu cha kuogea. Moka bado ipo, haina kelele, inazeeka pamoja na walimu. Serikali na TANU, chama tawala cha wakati ule, vilijaribu kulitawala jicho kwa amri: Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana, amri ianze Januari 1, 1969. Baada ya miaka michache tu vijana walikuwa kwenye bugaluu. Naelewa hofu ya viongozi wale, walitaka heshima ya taifa changa. Lakini jicho la kijana halipokei waraka.

Kabla ya viwanda, kabla hata ya jina la mji huu kuandikwa kwenye ramani, watu wa chini ya Uluguru na njia yote ya misafara walikuwa wameshawafundisha wafanyabiashara somo hili. Mahali ilipo Morogoro leo palikuwa na mji wenye ngome uliojengwa na Kisabengo na kurithiwa na binti yake, Simbamwene. Aprili 1871 msafiri Henry Morton Stanley alipita hapo, mvua za masika zikimnyeshea, akiwa na wapagazi waliobeba mizigo ya nguo na shanga. Shanga ndizo zilizokuwa zimempa mawazo makubwa kabla ya kuondoka pwani. Aliandika kwamba nyekundu zilipokelewa Unyamwezi ambako nyingine zingekataliwa. Nyeusi zilikuwa fedha Ugogo na hazina thamani kwingine. Nyeupe zilifaa Ufipa na zingedharauliwa na wengine. Akikosea hesabu, wapagazi wangebeba mzigo usionunua hata kibaba cha mtama. Msafiri mwingine, Richard Burton, aliyepita njia hizi mwaka 1857, alitaja aina za shanga zipatazo 400, na miongoni mwake zile nyekundu za samesame zenye lakabu ya kwamba mtu huacha hata chakula chake ili azipate.

Nawaomba wasomaji wangu wakae na jambo hilo kidogo. Shanga hizo nyingi zilitengenezwa Venice. Mafundi wa kioo wa Italia, wenye sifa duniani kote, walikuwa wanategemea uamuzi wa mwanamke wa Kigogo au Kinyamwezi aliyesema: hii naitaka, ile sitaki. Mfanyabiashara wa Zanzibar aliyepuuza uamuzi huo alibaki na ghala la kioo kisichonunulika. Watu hawa tunasimuliwa kwamba walidanganywa na vishanga. Mimi naona wateja waliochagua kwa makini, wenye majina yao kwa kila rangi, wanaobadili mawazo, na wenye nguvu ya kumfilisi tajiri wa mbali. Miaka mia moja baadaye, wapangaji wa kiwanda cha viatu walikuja kwenye mji uleule wakiwa na elimu kubwa kuliko ya Stanley, na hawakuwa na hofu yake. Hofu ile ilikuwa heshima.

Kwa nini tupende kitu fulani na tukatae kingine? Wanasaikolojia wamelichimba swali hili. Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba mtu akikutana na kitu mara nyingi huanza kukipenda, hata kama hakukuwa na sababu nyingine. Kwa upande mwingine, mazoea yakizidi tunachoka na kutafuta kipya. Mbunifu Raymond Loewy, Mfaransa aliyefanya kazi Marekani na kuchora treni, magari na vifaa vya nyumbani, aliishi katikati ya nguvu hizo mbili. Kanuni yake ilikuwa kumpeleka mnunuzi mbele hadi mahali pa mwisho ambapo bado hajaogopa. Ukimpa cha zamani kitupu anapiga mwayo. Ukimpa kigeni kitupu anarudi nyuma.

Sisi tunaijua kanuni hiyo kwa sababu mama zetu wameivaa. Khanga ina umbo ambalo halijabadilika tangu bibi zetu: doti ya vipande viwili, pindo kuzunguka, mji katikati, na jina chini. Ndani ya umbo hilo la kudumu, michoro na majina hubadilika kila mara, na mwanamke akisimama dukani anasoma majina mpaka apate lile linalosema lililomo moyoni mwake, au lile analotaka jirani alisome. Kiwanda kinachapa maelfu ya vipande vinavyofanana, na bado kila mmoja anaondoka na cha kwake. Hapo khanga ilifanikiwa ambapo kiatu cha kiwandani kilishindwa. Na katikati ya mbio zote hizo ipo kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo bibi arusi anavishwa leo kama alivyovishwa bibi yake. Haishindani na mtindo wowote, kwa sababu kazi yake ni kusema kwamba kuna mambo hayajabadilika. Hapa hapa Morogoro, eneo la viwanda la Kihonda, viwanda vya nguo vimeendelea kuchapa khanga na vitenge miaka mingi baada ya kiwanda cha viatu kunyamaza. Sidhani ni bahati.

Kuna kisa kingine cha milima hii ambacho hakihusu duka wala soko, na mimi naona ni kisa kilekile. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Wasiwasi wao ulikuwa na msingi: miteremko ilikuwa inalimwa, udongo unashuka na mvua, na maji ya Mto Ruvu yanatoka kwenye milima hii. Dawa waliyoichagua ilikuwa matuta ya ngazi, yachimbwe kwa lazima, asiyechimba apelekwe mahakamani. Kwenye karatasi, tuta la ngazi ni kazi nzuri ya ubunifu. Linazuia maji, linashika udongo, linapendeza machoni mwa bwana shamba aliyesimama upande wa pili wa bonde.

Matombo walilikataa. Udongo wa juu kwenye miteremko yao ni mwembamba, na ukichimba ngazi unaufukia na kuleta juu udongo usio na rutuba, mahindi yakatoka manjano. Kazi ilikuwa nzito, ya kulazimishwa, na mavuno yalipungua. Walisema, hawakusikilizwa. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, polisi wakatumia risasi, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa.

Ukipanda upande wa magharibi, kule Mgeta, utakuta ngazi mlima mzima. Kabichi, karoti, njegere na viazi vimepangwa kwenye ngazi, maji yakipita kwenye mifereji. Hapana polisi. Wakulima wa mboga wa Mgeta wanazichimba kwa hiari kwa sababu kwao ngazi inashika maji ya kumwagilia na kabichi inalipa. Mlima mmoja, wabunifu walewale, umbo lilelile la ardhi, na majibu mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Waliotoka ofisini mjini waliona mlima. Hawakuona mashamba, na ndani ya mashamba hawakuona familia zenye hesabu zake.

Nazidi kuona kwamba haya si mambo ya biashara peke yake. Bibi yetu mmoja anaishi Mkuyuni. Watoto wake walio Dar es Salaam wanampenda, na upendo wao unafika kwa basi: jiko la gesi, blenda, viatu vya ngozi laini. Jiko lipo uvunguni ndani ya boksi lake. Blenda imevishwa kitambaa cha kufuma. Mwaka juzi mjukuu wake mmoja, kijana asiye na kazi ya maana, alikwenda kumsalimia akalala pale. Usiku akamsikia bibi akipapasa ukutani kutafuta kiberiti ili atoke nje. Akarudi mjini, akatafuta fedha, akampelekea taa ndogo ya sola yenye kamba ya kuning'iniza mlangoni. Alichagua ya kijani kwa sababu bibi anapenda kijani. Ukimtembelea leo, hilo ndilo jambo la kwanza atakalokuonyesha. "Huyu mtoto aliniangalia," ndivyo anavyosema.

Namtaja kijana huyu darasani bila kumtaja jina, na huwauliza wanafunzi: yeye alikuwa na mtaji gani? Alikuwa na usiku mmoja wa kulala kwenye nyumba ya mtu anayetaka kumpa kitu. Mtu anayechumbia, mwalimu anayefundisha, daktari anayeandika dawa, mzazi anayemchagulia mtoto masomo, mchungaji au shehe anayetoa nasaha, wote wanapeleka kitu kwa mtu. Wengi wetu tunaongeza bidii pale tunapokataliwa. Tunapiga kelele zaidi, tunatoa kingi zaidi, na kumwita mwenzetu mkaidi. Kukataliwa kuna habari ndani yake. Matombo walikuwa wanatoa habari. Mama anayerudisha kiatu kwa mjomba anatoa habari.

Nimejifunza pia kutoogopa kushuka. Mjomba ameshazeeka, macho yake yanamsumbua, na vijana wenye mashine za kushona wamefungua vibanda vyao jirani naye. Sikuwahi kumsikia akiwasema vibaya. Alipoona wateja wa viatu vipya wanapungua, akahamia zaidi kwenye kutengeneza vilivyoharibika, kazi ambayo vijana hawaipendi, na jioni wale vijana wenyewe wanamletea kazi zilizowashinda. Amepata kilima kingine. Watu wazima wenzangu wanaostaafu wakiona dunia imewatupa nawashauri wamtazame mtu huyu. Ujuzi wetu unaweza kuwa umeishiwa mbele ya wale waliotuajiri na bado ukatakiwa sana na watu ambao hatujawatazama.

Sasa tunasikia tena mipango ya viwanda vya ngozi na viatu, na naiunga mkono kwa moyo wote. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi Afrika, na ni aibu ngozi zetu kuoza au kuuzwa ghafi. Kwa hiyo neno langu ni kwa vijana wa chuo cha ufundi cha VETA Kihonda, kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), na kwa yeyote atakayekabidhiwa fedha za mradi huo. Kabla hamjaagiza mashine, nendeni gulioni Nyandira mkatazame miguu. Kaeni kando ya anayefungua belo na mwone mkono wa binti unagusa nini kwanza. Tengenezeni jozi chache, mmpe mama wa Kinole apande nazo mlima wakati wa masika, na mumwulize kijana wa Kariakoo kama angezivaa kwenda harusini. Akirudi mmoja wao kununua jozi ya pili kwa fedha yake mwenyewe, jengeni kiwanda. Na mkijenge chenye madirisha.